Tajiri Mpya na Mwenye Mpira

Mume wangu Baraka,

Huku ughaibuni, hapa mtaani Merrylands, hatujambo. Shangazi yako bado anahudumia wazee kule Doonside. Umeniuliza kama tuihame klabu yetu ya mpira ya Uingereza, kwa kuwa imenunuliwa na tajiri mpya.

Nilipokuwa msichana wa shule, mpira tuliochezea ulikuwa wa Hamisi, jirani yetu. Siku tuliyomfunga alinuna. "Basi, nipeni mpira wangu!" Akaubana kwapani, akaenda kwao. Tukamzomea: "Na miguu yetu utaibeba?" Tukafunga matambara kwa kamba, tukaendelea kucheza.

Klabu ile ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda, si matajiri. Usiihame, mjukuu wangu. Ila huyo bwana akitabasamu kwenye televisheni, mimi namtazama kwapani.

Mkeo mzee,
Bibi