Salfa ya Magoti ya Mama

Mama mpendwa,

Natumai baridi ya Molo imekuhurumia. Leo nilienda kwa yule daktari wa dawa za Kichina tuliyeambiwa habari zake kanisani, nikuchukulie salfa ya kumeza, ule unga wa manjano, kwa ajili ya magoti yako. Alinishika mkono, akasikiliza mapigo ya mshipa kwa muda mrefu.

"Magoti yako ni mazima. Mgonjwa ni nani?"

"Ni mama."

"Salfa ni dawa ya joto. Inamfaa mtu aliyeingiwa na baridi."

"Basi inamfaa. Kwetu Molo ni baridi sana."

"Hiyo ni baridi ya Molo. Mkono wa mama yako sijaushika."

Akairudisha chupa ya salfa kwenye rafu.

Shuka Nakuru Jumamosi, mama. Nitakungoja steji. Safari hii usinibebee viazi. Lete mkono tu.

Akupendaye,
Wairimu