Shamba Lililofagiwa

Shikamoo Bibi,

Huku bondeni Ileje kuna joto, si kama kwetu Vwawa, na ndizi nimekula hadi nimechoka. Jana nilikwenda kukagua shamba la kakao la Mama Tuse. Kampuni yetu hununua kwa bei nzuri kwa mkulima anayeacha majani yaoze chini ya miti, yarutubishe udongo. Anayeyaondoa anabaki na walanguzi.

Nilikuta shamba jeupe kama uwanja wa harusi. Alikuwa amefagia kote kwa heshima ya mgeni, na mumewe alisimama na kiberiti kando ya lundo la majani.

"Baba, usichome!" nikasema, nikawaeleza.

Mama Tuse akanitazama. "Kwa hiyo mgeni tunampokea kwa takataka?"

"Ndiyo, Mama."

"Makubwa! Mama mkwe akipita atasema nimekuwa mvivu."

Akachukua tenga, akaanza kuyarudisha huku akicheka. Nilisubiri hadi chini ya mti wa mwisho palipofunikwa, ndipo nikakagua. Kakao yake tutainunua.

Nilikukumbuka. Najua nikirudi nitakuta umeufagia uwanja tangu alfajiri. Kiuno kisikuume, Bibi, na wewe fagia tu.

Mjukuu wako,
Neema