Mafiga ya Bi Somoe

Kwako baba yangu wa ubatizo, huko Nyangamara,

Bi Somoe tulimpoteza siku ya kumi na moja tangu tuhamie barabarani, Novemba ya mwaka sabini na tatu. Wewe tulikupoteza siku ya kumi na tatu. Yeye najua alipolala, maana tulimzika pamoja. Wewe nimejua ulipo mwezi uliopita tu, tena kwa mdomo wa mchuuzi wa ng'onda, samaki wakavu wa pwani.

Shikamoo. Naiandika kwa kuwa ni haki yako, na marahaba yako siisubiri. Ninachokisubiri kiko mwisho wa barua.

Nimewasomea watu tisa maneno haya kabla sijaifunga bahasha. Hao tisa ndio waliobaki kwenye mkeka wako. Ulitufundisha kwamba mtu hashitakiwi akiwa amegeuza mgongo, basi nimekushitaki mbele za watu na sasa nakuletea mashitaka mwenyewe. Ukitaka, wasomee na hao unaoishi nao.

Unanijua, sikulelewa na mtu. Kuhesabu nilijifunza kwenye shamba la mkonge kabla sijajua kusoma, majani thelathini fungu moja, na nikikosea moja mnyapara ananirudisha mstarini. Nilipopanda mlimani kwenu nilikuwa na kanga mbili na jembe. Nikapanda mikorosho mia moja na arobaini kwa mikono hii, na kila mmoja niliujua kwa namba yake. Wewe ulikuwa katekista wa kikanisa cha udongo chenye madirisha manne. Ulinifundisha herufi, ukanisimamia ubatizo, na baada ya hapo ukaanza kunisumbua.

Maana ulikuwa msumbufu, baba. Makatekista wengine walifundisha majibu. Wewe ulifundisha swali. Kila Domenika baada ya sala unatandika mkeka, tunakaa, unauliza swali moja, halafu unatufukuza twende nyumbani. Jibu ni Domenika ijayo, na jibu ni jambo mtu alilolitenda. Aliyekuja na maneno ulimwambia, "Hayo peleka kilabuni, huko watakupa na kikombe." Siku saba, si nane. Mara moja Mzee Mbonde aliomba aongezewe wiki kwa sababu ya mvua, ukamwambia kwamba Mungu naye alikuwa na shughuli nyingi na siku sita zilimtosha.

Nakumbuka Domenika ya kwanza baada ya Uhuru. Wenzetu walikuwa bado wana ngoma miguuni. Ukatandika mkeka, ukauliza: "Aliyekuwa akitutumikisha ameondoka. Nani hapa amebaki anamtumikisha mwenzake?" Watu wakacheka, wakadhani ni utani wa sikukuu. Mzee Mbonde hakucheka. Alikuwa na mtoto wa dada yake anayemlimia mwaka wa tano bila hata kipande cha ardhi. Domenika iliyofuata alikuja na yule kijana, akasema amemkatia nusu ya shamba la mtama, na mpaka ameupanda minyaa ili asije akageuka siku moja akasema alikuwa amelewa. Nilikuwapo. Niliona mtu mzima anatetemeka midomo kwa kutenda haki. Tangu siku ile niliamini kwamba kwenye mkeka ule kuna kitu.

Kisha ikafika zamu yangu. Ulinitazama ukasema, "Wewe unahesabu vizuri. Unahesabu nini ambacho si chako?"

Nilikasirika wiki nzima, nikiona umenisema kwa ajili ya mikorosho yangu. Alhamisi, alfajiri, nilikuwa nimesimama kwenye mteremko nyuma ya kanisa, nikaona moshi unavyopanda kutoka majikoni. Nikahesabu kwa mazoea tu. Mlima ule ulikuwa na nyumba thelathini na saba, kumi na sita za Wakristo na ishirini na moja za Waislamu. Moshi ulikuwa thelathini na sita. Nikashuka kuitafuta ile moja, nikamkuta mama ana homa na watoto wanatafuna mihogo mibichi. Domenika nilikuambia: nahesabu moshi. Hukunisifu. Ulichukua daftari lako, ukaandika, ukasema kuanzia kesho tutahesabu wote, kwa zamu.

Miaka kumi na miwili tulihesabu. Nyumba isiyo na moshi inapata mgeni kabla ya saa tatu, na mgeni haendi mikono mitupu. Ndilo fundisho lako lote, nami nalisema kwa ufupi kuliko ulivyowahi kulisema: sala ya asubuhi haijaisha mpaka ujue jirani amewasha moto.

Tulikosea pia, na ulipenda makosa yetu kuliko mafanikio. Mwaka ule wa kwanza mwezi uliandama usiku na sisi hatukuwa na habari. Asubuhi nahesabu, nyumba ishirini na moja hazina moshi. Nikapiga kelele kwamba kuna ugonjwa. Tukatoka mbio na masufuria ya uji, nikaangukia kwa Bi Somoe, mjane aliyekaa peke yake karibu na kisima. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mwezi mtukufu huu, mwanangu. Mmekuja kunivunjia saumu kwa uji wa mtama usio na hata sukari?"

Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akaita majirani waje waone Wakristo wanaohesabu hadi moshi wa watu. Jioni alitufuturisha sote. Nawe ukaandika kwenye daftari, ninalo hapa, ukurasa wa kumi na tisa: kabla hujahesabu moshi wa jirani, jua kwanza mfungo wake. Tangu hapo Bi Somoe akawa anatuletea habari za mwezi kila mwaka, na kila mwaka ananiuliza kama sufuria langu liko tayari. Aliniita Karani. "Karani, leo umenihesabu?" Namjibu, "Nimekuhesabu, bibi." Hayo yalikuwa maamkizi yetu.

Sasa nisikilize vizuri.

Agizo la serikali la kuhamia kijiji kipya cha barabarani lilipofika, watu walikuja kwako. Si kwangu, si kwa Mzee Mbonde. Walikuja kwako hata Waislamu, maana walijua hudanganyi. Mimi nilikuletea hesabu yangu. Maili tisa kutoka mikorosho yangu hadi barabarani. Mikorosho mia moja na arobaini, na mkorosho mpya unataka miaka mitatu kabla haujakuonyesha kitu. Ulisikiliza hadi mwisho, ukasema: "Miti umeihesabu. Watu je? Wale wanaokaa mbalimbali mabondeni, moshi wao nani anauona? Tukikaa karibu tutaonana zaidi. Twendeni."

Ulikuwa umenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Tukapanda magari.

Huko barabarani viwanja vilikuwa vimepimwa kwa mstari, na tukagawiwa kwa zamu ya kushuka. Tuliokaa ukuta kwa ukuta mlimani tukatawanyika kati ya watu wa mabonde mengine. Bi Somoe alipata kiwanja cha mwisho upande wa kusini, kando ya watu wasiomjua. Nyumba zilikuwa mia moja na kumi na mbili, nyingi bado za nyasi. Ulinipa kazi ileile, na alfajiri ya kwanza nikapanda kichuguu kilichokuwa karibu na kisima kipya, nikahesabu.

Zote zilikuwa na moshi. Siku ya pili, zote. Siku ya tano, zote. Nilikuja kukuambia kwa furaha, kumbuka, nikasema sijawahi kuona kitu kama hiki, mia moja na kumi na mbili kamili. Ukasema, "Unaona?"

Hatukuona. Kila mtu alikuwa anafyeka kiwanja na kuchoma visiki na majani, usiku na mchana, na moshi wa huyu unalala juu ya paa la yule. Kijiji kizima kilikuwa shimo la mkaa. Mimi niliyekuwa narudishwa mstarini kwa jani moja nilihesabu moshi wa vichaka siku kumi nikauita moshi wa majiko.

Usiku wa kuamkia siku ya kumi na moja mvua ikanyesha, ikazima mioto yote. Asubuhi hewa ilikuwa safi, na moshi mpya ulipanda mwembamba, mmojammoja, kama kule mlimani. Nyumba ya mwisho upande wa kusini haikuwa nao.

Tulikimbia wote wawili. Wewe ndiye uliyeinama ukaingia kwanza. Homa ilikuwa imemmaliza, na alikuwa amekaa hivyo zaidi ya siku moja. Lakini mimi sikumtazama yeye, baba, na hili sijawahi kumwambia mtu hadi nilipowasomea wale tisa. Nilitazama mafiga yake. Mawe matatu, ameyapanga vizuri, na hayakuwa na alama ya masizi hata moja. Hakuwahi kuwasha moto tangu tushuke kwenye magari. Pembeni palikuwa na kikapu cha makopa, ile mihogo mikavu aliyokuja nayo, vimebaki vipande sita. Mara kumi nilikuambia Bi Somoe amepika.

Wanawake wa Kiislamu walimwosha. Wewe ulishika jembe ukachimba na wanaume, hukumpokeza mtu hadi wakakunyang'anya. Siku ya pili yake hukutoka ndani. Alfajiri ya tatu nilifungua mlango nikakuta mkeka umekunjwa, daftari juu yake, na wewe hupo. Hukuacha hata swali.

Domenika ile walikuja watu sitini na wanne. Iliyofuata, arobaini na moja. Nikatandika mkeka mimi, nikauliza maswali ya daftari, nikianza ukurasa wa kwanza. Mwezi wa sita tulikuwa kumi na wanane. Amekuja katekista mpya, kijana mzuri, anafundisha majibu, na watoto wanayasema bila kukosea neno. Simlaumu. Balozi wa nyumba kumi naye anahesabu watu, wanaokuja mkutanoni. Anayetaka kujua nani hajala ni wale tisa na miguu yao.

Na hapa ndipo ninapoumia. Fundisho lako halijawahi kufaa kama linavyofaa sasa. Mlimani tulijuana, hata bila hesabu mtu angeulizwa. Hapa mtu anakaa hatua ishirini na mwenzake na hajui jina lake. Tumesogezwa karibu, kazi ya kuwa majirani bado haijaanza. Muumini wa leo anaimba vizuri kuliko sisi, anakariri vizuri kuliko sisi, na jirani yake anakufa nyuma ya moshi wa mtu mwingine. Kama kuna wakati Kanisa lilihitaji mkeka ule, ni huu. Nawe umeketi Nyangamara.

Nimerekebisha hesabu. Siangalii tena juu. Napita, naamkia, nagusa mafiga. Yakiwa ya baridi naingia. Watu wengine wananiona mchawi, wengine mmbeya, na mama mmoja alinifukuza kwa mchi. Tangu uondoke nimekuta mafiga ya baridi mara saba. Mara sita tulifika kwa wakati. Ya saba alikuwa mtoto mchanga, na sitaki kuandika zaidi.

Nimechoka. Sikuambii ili unionee huruma. Miaka yangu ni arobaini na nane, mikorosho yangu imezidiwa na magugu, na asubuhi nyingine nanyoosha mkono kwenye jiko la mtu nikijua mkono huu ulishawahi kusema uongo mara kumi. Kusali siwezi vizuri. Nikisema Baba Yetu nafika kwenye mkate nanyamaza.

Yote hayo ningeyabeba. Lakini mwezi uliopita Saidi, yule anayetoa ng'onda Mchinga na kuzipeleka bara, alifika hapa akasema amekutana na mzee Nyangamara aliyewahi kuwa katekista wa watu wa mlimani. Akasema umekonda, unalima ufuta, kanisani unakaa nyuma. Akasema alikutajia mkeka na kuhesabu moshi, nawe ukamjibu neno moja: "Niliwadanganya."

Aliyasema mbele za watu. Mzee Mbonde, ambaye hajakosa mkeka tangu Uhuru, aliniambia kwa upole: "Binti yangu, mwenye maneno ameyakana. Sisi tutayashikilia kwa mkono gani?" Wote tisa wanataka kukunja mkeka. Nimewaomba wasubiri.

Sasa nataka kujua, na unijibu kama ulivyotutaka tujibu. Uongo ulikuwa upi? Uliposema twende barabarani, au uliposema sala haijaisha mpaka jirani amewasha moto? Hayo ni mambo mawili. Mimi ni mtu wa hesabu, usinijumlishie. Ukikosea kutuongoza njia, uliikosea njia. Je, na mahali tulipokuwa tunakwenda hapakuwapo?

Na kama ulikimbia kwa ajili ya Bi Somoe, ulikimbia kosa la nani? Aliyesimama kwenye kichuguu ni mimi.

Usiniandikie kwamba unatuombea. Usinitumie salamu, wala habari za ufuta. Daftari lako lina kurasa themanini na nane na nimezisoma zote. Sihitaji ya themanini na tisa. Neno moja linatosha. Andika "Hesabuni," na kesho yake nitaanzia nyumba ya mwisho upande wa kusini. Au andika "Kunjeni," nami nitaurudisha mkeka na daftari kwa Saidi akuletee, ukae navyo mwenyewe.

Saidi anapita Nyangamara Jumatano na anafika hapa Ijumaa. Domenika inayofuata ni ya Matawi. Baada ya sala watu tisa watasimama mbele ya mkeka na hawatakaa mpaka nifungue karatasi yako. Sisi ulitupa siku saba. Wewe nimekupa kumi na mbili, kwa sababu ya mvua.

Hesabuni, au kunjeni?

Mwanao wa ubatizo,
Karani wa Bi Somoe, aliyehesabu vibaya