Tarehe ya Kuzaliwa ya Mtoto wa Bint Kentaki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sleyum bin Nasr
Umri: miaka 66, kwa mujibu wa pasi
Kazi: msimamizi wa banda la farasi
Makazi: Al Khuwair, Muscat
Yameandikwa tarehe 9 Februari 2026, saa nne na nusu asubuhi.

Banda ninalosimamia ni la mpwa wangu Yaqdhan, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka sita. Mwaka 2024 alinunua Marekani farasi jike wa mbio, mwenye mimba, akaletwa Muscat kwa ndege. Bandani tulimwita Bint Kentaki, kwa jina la jimbo alikotoka. Alitarajiwa kuzaa baada ya tarehe 20 Januari 2025.

Mnamo tarehe 29 Disemba 2024, baada ya sala ya Alfajiri, nilimkuta amelala, anatoka jasho. Nilimpigia simu Daktari Hajar, daktari wa mifugo, akaja mbio. Saa kumi na mbili na robo alizaliwa dume, mdogo, miguu haina nguvu. Daktari alimshikilia mpaka akasimama akanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Aliandika siku na saa kwenye daftari lake mbele yangu. Mimi nililia kidogo, sioni haya kusema.

Yaqdhan alifika saa mbili. Hakufurahi. Farasi wa asili hii wote huhesabiwa wametimiza mwaka ifikapo tarehe mosi Januari, hata aliyezaliwa jana yake. Maana yake mtoto wa siku tatu, bado ananyonya, kwenye karatasi ni wa mwaka mzima, na akikua atashindanishwa na waliomzidi umri. Farasi huyo hana anayemtaka.

Tarehe 2 Januari Yaqdhan aliniletea fomu ya kumwandikisha. Penye shahidi wa uzazi palikuwa na jina langu. Aliniambia, "Mjomba, jaza tarehe mosi. Siku tatu tu hizo, zitamdhuru nani?"

Nilijaza, nikatia saini. Nitasema kwa nini. Tulipokuja kutoka Unguja mwaka 1972, karani alimuuliza mama yangu mimi nimezaliwa lini. Mama akasema mwezi wa Mfungo Tano, mvua zinaanza. Karani akaandika tarehe mosi Januari. Ndugu zangu wawili nao vivyo hivyo. Nusu ya jamaa zetu wamezaliwa siku hiyo, na huwa tunataniana kuwa mkunga alipata tabu. Kwa hiyo niliona ni jambo dogo. Nilikosea. Siku zetu sisi karani hakuwa na wa kumwambia. Siku ya yule mtoto wa farasi mimi niliijua.

Mwezi wa Agosti 2025 farasi aliuzwa kwa Bwana Osama. Mwezi uliopita Bwana Osama aliliona daftari la daktari, akashtaki. Yaqdhan amesema Daktari Hajar amelighushi daftari lake kwa chuki. Si kweli. Binti yule akinyang'anywa leseni, atakuwa amenyang'anywa kwa mkono wangu.

Ijumaa iliyopita Yaqdhan alikuja kwangu kula. Akaniambia, "Mjomba, n'nakuomba, sema hukumbuki. Mtu mzima kusahau si ajabu." Nilimwambia wali unapoa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nimechelea karibu miaka thelathini, na nadhani sasa tutalia sote wawili.

Nakumbuka. Ilikuwa tarehe 29 Disemba. Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu, na saini iliyoko kwenye fomu ile ni yangu kama hii hapa chini.

Saini: Sleyum bin Nasr

Maelezo ya ofisa: Nimeandika kwa Kiswahili kwa ombi la shahidi, nikamsomea, akakubali. Nilipomuuliza kama ana la kuongeza, aliuliza kama mpwa wake, aliyeko chumba cha pili tangu asubuhi, amekula. Nilimjibu bado. Alitoa mkate uliofungwa kwenye kitambaa, akaomba nimpelekee, nisiseme umetoka kwa nani.

Rawya, ofisa mpelelezi