Buji ya Mama mu Picha ya Bazungu

Bruxelles, jumamosi, siku ya posho

Yaya Honorine,

Jambo sana. Magoti yako iko namna gani? Miye niko muzima, baridi tu njo inanisumbua. Naandika juu haupokeye tena simu yangu tangu mulizika mama bila miye.

Bon. Hapa Saint-Josse kila muntu ananijua. Nalindaka picha za zamani mu musée moja mukubwa, nyumba ya makumbusho, na bila miye haifunguke. Ministre mwenyewe alinipa mukono mbele ya kumupa directeur.

Mu chumba yangu kuko picha ya mama muzee karibu na buji, mushumaa moja ya nta. Ameweka mukono mbele ya moto, mwangaza inapita kati ya vidole. Siku ya kwanza nilicheka: kumbe hata bazungu ba zamani balikuwa banakatiwa courant ya umeme.

Juzi madame mwenye anatembezaka bageni akabaeleza kama buji mu picha za Ulaya ni maisha ya muntu: inawaka, inapunguka, inaisha. Akasema ule muzee anaangalia kifo yake.

Sisi balinzi hatuna ruhusa ya kusema. Lakini unanijua.

"Madame, samahani, hapana," nikamuambia. "Ule mama anangoja muntu."

Nikabaeleza namna courant ilikuwa inakatika kwetu Katuba, mama anakaa ku mulango na buji, anaikinga na mukono, mpaka mutoto wa mwisho aingie. Weye ulikuwa unaingia mapema. Wa mwisho ni miye kila siku. Nikaongeza kidogo, nikasema upepo ya Katuba inaangushaka ng'ombe. Bakacheka.

Halafu mumama moja wa mvi akaniuliza polepole, "Na ule muntu, alifika?"

Yaya, miye huyu nikarudi ku kiti yangu ya mulinzi.

Nilikuambia musée ilikatala kuniachia wakati wa kilio ya mama. Bongo, uongo tu. Ruhusa nilipewa, tiketi nilinunua. Nilifika ku stesheni ya Gare du Midi na valise yangu ya nguo, nikaikalia mpaka treni ya kwenda ku ndege ikaondoka, nikarudi. Niliogopa kufika ku ile mulango na kukuta hakuna muntu.

Nitakuja siku ya kumaliza kilio. Courant ikuwe ao isikuwe, ukae ku mulango kidogo.

Unisalimie shemeji, na binti yako mwalimu, na maman jirani mwenye alimuosha mama.

Ni miye ndugu yako, mwenye kuingia wa mwisho,

Célestin