Nazirudisha baada ya chai

Wewe, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kazini.

Si nilikwambia leo naweka kile kiprogramu cha kutoa takwimu za lodi balansa, ile inayogawa wateja kwenye seva zetu tatu? Nimekiweka, nikakipanga, grafu zikatokea kwenye skrini kubwa. Bosi na timu nzima wako nyuma yangu.

Seva moja inahema. Mbili zinasoma sifuri. Sifuri kabisa, yaani hata mteja mmoja hazijapata.

Nikasema kiprogramu ndicho kibovu. Nimekiponda mbele za watu, mimi huyu huyu.

Bosi akasema, "Hebu fungua faili la mipangilio."

Nikafungua. Zile mbili zimetolewa kazini tangu mwezi wa tatu, na aliyezitoa kaacha maelezo. Bosi akataka niyasome kwa sauti.

"Nimezitoa kidogo, nazirudisha baada ya chai."

Mwezi wa tatu, wewe. Na kila siku nawaambia watu mtandao ndio mzito.

Chini kuna jina langu. Sikulisoma. Bosi akalisoma mwenyewe, kisha akakiangalia kikombe cha chai mkononi mwangu.

"Maliza kwanza," akasema. "Tunakusubiri."