Shukrani za Khavere

Safa, uko? Weka hiyo chai chini kwanza. Khavere wetu ametuaibisha leo mbele ya mwenye ploti!

Si unajua alinyimwa likizo? Krismasi imemkuta hapa Ruring'u na baridi yote hii, na kwao Vihiga wanamtumia picha za kuku. Basi Mama Wahito akaita wapangaji wote kwake tule pamoja. Chapati ziko mezani, moto kabisa. Halafu anasema ati hakuna kula mpaka kila mtu asimame ashukuru Mungu kwa kitu kimoja.

Munyao akashukuru kwa afya, huku anakohoa.

Omondi akashukuru kwa kazi. Safa, kazi gani? Si walimfuta Novemba!

Ikafika kwa Khavere. Akasimama. Akaangalia chapati, akaangalia dari. Mama Wahito akamwambia, "Sema tu, msichana wangu, hata kitu kidogo."

Unajua alisema nini?

"Nimetafuta, Mama. Sina."

SINA! Na chakula ya mwenye ploti iko mbele yake!

Woiye, hata yeye alishtuka vile ilitoka. Alitamani ardhi immeze, akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho pale mlangoni.

Mama Wahito akafunga macho. Khavere akajua sasa ndiyo analaaniwa.

"Baba," Mama akaomba, "asante kwa huyu mmoja ambaye hajakudanganya leo."

Safa, usiniambie hukusikia amina ya Omondi huko kwenu Majengo.